Ng'ombe wa Harusi ya Mekiya

Afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine. Huku kwetu, milimani juu ya Dese, habari hii imeshapita vinywa vingi, na kila kinywa kimenipunguzia akili kidogo. Wapo wanaosema nilimwita padri aje achinje ng'ombe wa Waislamu. Hapo naomba nitendewe haki. Hakuwa padri.

Jina langu ni Lubaba. Nina miaka sabini na sita, na darasa la sita nilimaliza wakati wasichana wa kijiji hiki waliojua kuandika majina yao walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sikuendelea kwa sababu niliolewa. Lakini siku ya mwisho mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema, "Huyu ana kichwa kisichosahau." Alisema mara moja tu, tena huenda alikuwa ananifariji. Mimi nimeitumia sifa hiyo miaka sitini na haijachakaa.

Kwa kichwa hicho nilipewa kazi katika kire, chama chetu cha kuzikana na kuozeshana. Waislamu na Wakristo tuko kire moja. Akifa wa msikitini, wa kanisani huchimba kaburi. Akioa wa kanisani, wa msikitini hubeba mabenchi. Kitu kimoja tu hatuchangii, nacho ni nyama. Mwislamu hali alichochinja Mkristo, na Mkristo hali alichochinja Mwislamu. Ndivyo ilivyo, na hakuna anayemnunia mwenzake kwa hilo. Mwislamu akiwa na harusi huwatafutia jirani zake Wakristo kondoo wao, huwakabidhi wakiwa hai, wakachinje wenyewe na kupika kwa vyungu vyao. Mkristo naye akioza hutufanyia vivyo hivyo. Kwa hiyo karamu yoyote kwetu ina visu viwili, vyungu vya namna mbili na miiko ya namna mbili. Kwa miaka thelathini na minane mimi ndiye msimamizi wa vyungu vya Waislamu, na jirani yangu Atsede, ukuta kwa ukuta, ndiye wa vyungu vya Wakristo.

Kazi yenyewe ni hii: mgeni akikaa, ujue ni wa chungu kipi kabla hajanyoosha mkono. Msidhani ni rahisi. Kwetu jina la mtu halikwambii anaswali wapi. Yuko Mohammed anayepiga ngoma kanisani, na yuko Tesfaye aliyehiji Maka. Ndugu wa tumbo moja, mmoja anafunga Ramadhani na mwingine anafunga Kwaresima. Na kumuuliza mtu mzima, macho kwa macho, "Wewe dini gani?" ni aibu, kama kumuuliza ameoga lini. Basi inakupasa ujue. Nami nilijua. Nilijua koo zote hadi babu wa nne, nani alioa wapi, watoto wakafuata upande gani.

Mwenyekiti wa kire aliwahi kuja na daftari, eti tuyaandike hayo.

"Na daftari lako likilowa mvua?" nikamuuliza.

"Na kichwa chako kikilowa je, Etiye Lubaba?" Etiye ndivyo tunavyoitwa kwa heshima sisi mama wakubwa.

"Changu kina kitambaa."

Watu wakacheka, daftari likarudi lilikotoka. Laiti lingebaki.

Atsede yeye hajisifu kwa kukumbuka. Ukimuuliza jambo la juzi, atasema, "Sijui, dada, labda." Akipata mgeni asiyemjua humpa maji ya kunawa, hukaa karibu yake, kisha humuuliza taratibu, "Mwanangu, mama yako nani?" Haulizi dini, anauliza mama. Kutoka kwa mama huenda kwa shangazi, kutoka kwa shangazi huenda kwenye kisima walikochota maji, na mwishowe hufika anapotaka. Nilikuwa nikimcheka. "Wewe Atsede," nilimwambia, "unazunguka mlima mzima kutafuta mlango wa nyumba yako."

Lakini jambo moja nilisema juu yetu wawili na sikuwa najigamba. Miaka yote hiyo Atsede amekula kwangu kwa neno langu tu. Naweka sahani, nasema, "Hiki chenu," naye anakula. Hafunui chungu, hanusi, hanitazami usoni. Hata siku isiyo na karamu, dengu zangu anazila kwa sababu nimesema hazikugusa mchuzi wa nyama. Nami kwake ni hivyo hivyo.

Sasa njooni kwenye harusi.

Mjukuu wangu Mekiya, niliyemlea tangu anatambaa, aliposwa na mwalimu wa Harbu. Kijana hakuwa na neno. Neno lilikuwa kwa babu yake, Haji Muhye, mzee mwenye ndevu nyeupe na ulimi mwekundu, ambaye inasemekana alishawahi kuvunja uchumba wa watu kwa sababu kahawa ilinukia moshi. Nikaapa kwamba kwangu hatapata hata chembe ya kushika.

Siku niliichagua mwenyewe: Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima. Ingekuwa wiki moja baadaye, jirani zangu Wakristo wangekuja harusini wakala mboga huku wengine wakitafuna nyama, kwa maana kufunga kwao ni siku hamsini na tano bila nyama wala maziwa. Ilikuwa hisani ya kawaida, kila mtu kwetu huifanya. Mimi niliitangaza kisimani, sokoni na kwenye misiba miwili, hata Atsede akaniambia, "Dada, tumeshashukuru mara nne. Tukishukuru ya tano Kwaresima itatukuta hapa hapa."

Mwanangu Endris akaleta ng'ombe kutoka mnada wa Bati, mkubwa, mwekundu, shingo kama gogo. Nikawakabidhi Wakristo kondoo wao wawili. Wakafungwa uani kwa Atsede wakisubiri watu watoke kanisani. Ng'ombe alikuwa achinjwe alfajiri na Sheh Hussen, mchinjaji wetu wa siku zote.

Alfajiri ikaja habari: Sheh Hussen kiuno kimemkaza, hageuki kushoto wala kulia.

Mtu mwenye busara angesubiri. Lakini wanaume wote Waislamu nilikuwa nimeshawagawa kama mkuu wa majeshi. Endris na kundi lake nimewatuma barabarani kupokea nguzo za turubai, wengine mtoni kuteka maji, wengine kwa shangazi yake bwana harusi. Waliobaki uani ni Kasahun, mtoto wa Atsede, na wenzake watatu. Wale huja kila mara kutushikia ng'ombe, kama vijana wetu wanavyokwenda kuwashikia wao. Kushika wanaweza. Kuchinja chetu, hapana.

"Tumngoje Endris," akasema Atsede. "Hatachelewa."

"Nimesema nyama iwe motoni kabla jua halijafika kwenye mikaratusi."

"Umemwambia nani?"

"Nimejiambia."

Hapo akapita Yimer Ahmed, mwashi wa mawe, kajifunika shuka zito mpaka masikioni kwa ule ubaridi, anakuja kutupongeza. Mtu wa miaka arobaini hivi. Aliondoka kijijini mdogo, akaishi mbali miaka thelathini, na alikuwa amerudi miezi mitatu tu. Wiki nzima hushinda Dese kwenye kazi zake. Kijijini tulimwona mara chache. Lakini alishakunywa kahawa kwangu mara mbili, na nilipoomba dua aliinua mikono na kusema amina vizuri kabisa. Babu yake Seid nilimjua, mtu wa tasbihi na kilemba. Baba yake Ahmed nilimjua. Nini tena?

"Yimer, mwana wa Ahmed Seid!" nikamwita. "Mungu ndiye aliyekuleta. Kuchinja unajua?"

"Najua, Etiye. Nilikokuwa nilichinjia watu sana. Hata kisu ninacho."

Atsede akanivuta mkono. "Dada, muulize kwanza."

"Nimuulize nini?"

"Mama yake."

"Mjukuu wa Seid mimi nimuulize mama yake? Atsede, nenda kaangalie vitunguu vyako visikulize bure."

Akaenda kwenye vitunguu vyake. Nikamwonyesha Yimer ng'ombe kwa kidole, nikasema, "Yule pale, fanya haraka," nikaingia ndani kuwagombeza wanawake waliokuwa wakioka injera, mikate yetu myembamba, ambao hawakuwa na kosa lolote. Muda si mrefu Kasahun akasimama mlangoni akihema.

"Etiye, samahani, yule mtu..."

"Kasahun! Rudi kwenye pembe!"

"Lakini Etiye..."

"Pembe!"

Akarudi kwenye pembe.

Nilipotoka, ng'ombe alikuwa ameshalala na ngozi nusu imetoka. Kazi safi, sitasema uongo, hata Sheh Hussen hajawahi kuchuna vile. Nikachukua birika la maji ya moto nimnawishe Yimer mwenyewe kwa mkono wangu, heshima ambayo simpi kila mtu. Akanawa mikono. Akashusha shuka anawe na shingo. Na pale shingoni ukatoka uzi mweusi, na kwenye uzi kamsalaba ka mti, kadogo kama punje ya shayiri.

Nikaendelea kumimina. Maji yakaingia kwenye viatu vyangu.

"Yimer," nikasema, "hicho ni nini?"

"Uzi wa ubatizo, Etiye."

"Wa nani?"

Akanitazama kama anayemwonea mtu huruma. "Wangu."

"Na pale kwa ng'ombe ulisema nini?"

"Kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kwani..." Akageuka akamtazama Kasahun, akanitazama mimi, akamtazama ng'ombe. "Etiye, si umenionyesha ng'ombe anashikwa na Wakristo wanne, na msimamizi wa vyungu vya Wakristo kasimama hapa? Nikajua ni wa Wakristo. Nikasema, kweli, huyu mama ana moyo."

"Nasi tulipomsikia," Kasahun akadakia, "maneno na kisu vilikwenda pamoja, tungemzuiaje? Tukasema, labda mwaka huu Etiye Lubaba ametukumbuka. Nilikuwa na wasiwasi naye hata kabla hajashika kisu. Nikaja kukuuliza..."

"Najua," nikasema. "Pembe."

Atsede alikuwa amekuja, kisu cha vitunguu mkononi. Akamwendea Yimer akamuuliza, polepole kama kawaida yake, "Mwanangu, mama yako nani?"

"Bizunesh. Walikaa pale juu ya kisima."

"Bizunesh!" Atsede akashika kinywa. "Bizunesh aliyeolewa na Ahmed, watoto wakafuata kanisa la mama. Lubaba, si tulikwenda wote kwenye ubatizo wa mtoto huyu? Wewe ulileta mtungi wa siagi. Ulipiga vigelegele mpaka padri akakuomba upunguze!"

Na nikakumbuka. Nilikumbuka yote, siagi, mtungi ulivyokuwa na ufa shingoni, mtoto alivyolia maji yalipomgusa, padri alivyonikonyeza. Kichwa kisichosahau hakikuwa kimesahau kitu. Kilichelewa tu.

Yimer alikuwa anakunja kisu chake ndani ya kitambaa. "Naondoka," akasema. "Watasema nimekuja kuwalisha Waislamu kwa hila. Nina miezi mitatu tu hapa. Nani ataamini?"

"Kaa chini," nikamwambia, lakini sauti haikuwa ile yangu.

Kasahun akawatazama wenzake, kisha akasema taratibu, "Etiye, tuliosikia ni sisi. Ukisema tunyamaze, vinywa vyetu ni mawe. Nyama haina uzi shingoni."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananihurumia. Nikwambieni kweli nilifanya nini? Nilifikiri. Nilifikiri muda wa kuchemsha yai, tena yai gumu. Watu sitini wa Harbu wako njiani. Haji Muhye na ulimi wake yuko njiani. Mekiya yuko ndani, mikono imejaa hina, hawezi hata kujikuna pua. Ningeinua sahani, ningesema, "Hiki chetu," nani angejua? Sheria haimhukumu aliyekula bila kujua. Nilijitafutia hata sheria.

Kisha nikamwona Atsede. Hakuwa ananikemea. Alikuwa ananingoja tu, kama mtu anayengoja sahani yake.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Kama naweza kumwambia Haji "hiki chetu" na si chetu, basi zile sahani zote nilizomwekea Atsede zilikuwa nini? Angeendelea kuja kwangu, namjua. Angekula. Ila angekula huku anajiuliza, na asingeniambia kamwe.

"Atsede," nikasema, "ng'ombe ni wenu."

"Ng'ombe yupi?"

"Wapo wangapi?"

"Ng'ombe mzima? Lubaba, sisi tuko nyumba kumi na moja! Na kesho tunafunga!"

"Basi anzeni mapema."

"Unataka kutuua, mwanamke wewe."

"Na kondoo wangu nirudishie."

"Wako tena? Uliwatoa kwa maneno mengi kiasi kile!"

Lakini alikuwa ameshageuka kwenda kuwafungua, na aliporudi alikuwa na kondoo wawili kwa kamba na wanawake watatu nyuma yake, kila mmoja na kuku hai kwapani. Kuku tisa, wa Wakristo, kwa ajili ya wakwe zangu wa Kiislamu. Nilitaka kusema neno la shukrani, akanikatiza. "Nyamaza. Ukishukuru utatangaza."

Mchinjaji je? Endris aliporudi na kusikia mambo, alishika kichwa, kisha akaenda na wenzake kumleta Sheh Hussen juu ya kitanda chake. Mzee aliletwa analia "Taratibu, kiuno! Taratibu, kiuno!" kila hatua. Wakakielekeza kitanda kibla, wakamletea kondoo mmoja mmoja mpaka begani pake, kisha kuku, naye akachinja amelala ubavu, akisema Bismillahi na kuugua kwa pumzi moja. Alipomaliza kuku wa tisa akaniita. "Lubaba," akasema, "miaka sabini nimekuwa nikiogopa nitakufa na kiuno. Sikujua kuna ugonjwa unaoitwa haraka yako."

Saa sita mchana wakwe wakafika na ngoma. Tukawaketisha upande wa kulia wa turubai. Kondoo wawili na kuku tisa kwa watu sitini, hata ukate kwa ustadi gani, ni hesabu ya kuaibisha. Niliongeza viazi. Niliongeza mayai. Niliongeza dengu. Katika sahani nyama ilitafutwa kama sindano iliyoanguka majanini. Upande wa kushoto walikaa Wakristo wa nyumba kumi na moja, na mbele yao mlima. Mbavu, paja, maini, nundu yote. Walikula kwa wajibu, kama watu waliopewa shamba walilime kabla ya mvua. Kila niliyemtazama alinitazama kwa macho ya kuomba msamaha, kisha akachukua mfupa mwingine.

Haji Muhye alichovya injera, akatafuta, akapata kiazi. Akachovya tena, akapata kiazi kingine. Akainua macho akatazama ng'ambo kwa muda mrefu.

"Mama wa nyumba," akaita, na ngoma ikanyamaza. "Nisaidie mimi mzee. Harusi hii ni ya kwetu au ni ya wale?"

Endris akaninong'oneza, "Sema ng'ombe alikutwa na ugonjwa." Binamu yake upande wa pili akaninong'oneza, "Sema yule mwashi katudanganya. Amezoea kuishi mbali, ataondoka, yataisha."

Niliwatazama Wakristo. Yimer alikuwa pembeni kabisa, hajagusa sahani yake, kisu kile kimefungwa kitambaani mapajani, kama mtu anayengoja basi. Na mlango wa ndani ulikuwa wazi kidogo, nikaona mikono ya Mekiya yenye hina imeshika kizingiti.

Nikasimama. Sijui kama mnaelewa. Katika miaka sabini na sita neno "nimekosea" nilikuwa nalijua kwa kulisikia tu kwa watu.

"Haji," nikasema, "ng'ombe wenu ndiye yule wanaokula wale. Alikuwa mzuri, na mimi ndiye niliyemharibu. Mchinjaji wangu aliugua, nikamwita mtu wa njiani. Jirani yangu Atsede alinishika mkono, akasema, muulize. Sikuuliza, kwa sababu mimi ni Lubaba najua kila mtu. Yule mtu hakudanganya wala hakuficha. Alichinja kwa dini yake ng'ombe niliyemwonyesha kwa kidole changu hiki. Tena nilikuwapo kwenye ubatizo wake, nilipiga vigelegele. Nimekosea. Mliyonayo sahanini ni ya Sheh Hussen, halali, nakupa neno langu. Ila ni kidogo, na udogo wake ni wangu."

Mtu mmoja alikohoa. Kasahun alikuwa na mfupa mdomoni hajui autoe au auache.

"Yuko wapi mchinjaji?" akauliza Haji Muhye.

Yimer akasimama. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Wewe ni mjukuu wa Seid wa kilemba?"

"Ndiyo, Haji."

"Babu yako aliwahi kuniuzia nyumbu kilema akaapa ni mzima." Mzee akapangusa ndevu. "Mbona huli? Mtu achinje halafu asile? Kaa, mwanangu, ule. Punguza mlima ule, unanichoma macho."

Kisha akanigeukia mimi. Nikajiweka sawa kupokea.

"Nimekwenda harusi nyingi," akasema. "Nimelishwa nyama nyingi nikaambiwa ni halali, nikasema alhamdulillahi, sikuuliza. Leo kwa mara ya kwanza nimeketi nikijua kweli nilicho nacho sahanini, ijapokuwa ni viazi. Mwanamke anayeweza kusema haya mbele ya wakwe, mjukuu wake namchukua bila kumtazama meno." Akachovya tena injera. "Lakini dada yangu, chumvi. Katika viazi hivi umeweka chumvi ya msiba."

Turubai likalipuka kwa kicheko, ngoma ikaanza, na nadhani nililia kidogo. Atsede anasema nililia sana, lakini yeye hakumbuki vizuri mambo.

Ng'ombe hakuisha. Jua lilipozama bado lilibaki paja zima na shingo, na Kwaresima inaingia. Wakakata nyama vipande virefu, wakapaka pilipili na chumvi, wakaanika nyumbani kwa Atsede kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Siku hamsini na tano zile nyama zilining'inia. Wao hawawezi kuila kwa sababu wamefunga, mimi siwezi kuila kwa sababu si yangu. Kila nilipokwenda kunywa kahawa ilibidi niiname nisigongwe kichwa na kosa langu mwenyewe. "Inama, dada," Atsede alikuwa akisema kila mara. "Kuinama kunakupendeza." Siku ya Pasaka walipoiteremsha, nilikuwa na furaha kuliko Mkristo yeyote.

Yimer hakuondoka. Sasa ndiye mshika kisu wa Wakristo katika kire yetu, na kila karamu wapo wanaomtania, "Yimer, leo ni wa kwetu au wa kwenu?" Mwenyekiti nilimfuata mwenyewe nikamwambia alete lile daftari. Alilitoa haraka kiasi kwamba nadhani alikuwa analilalia. Ukurasa wa kwanza niliandika mimi, kwa mwandiko wa darasa la sita: Yimer Ahmed, mama yake Bizunesh, Mkristo. Nikapiga mstari chini mara mbili.

Mwaka huo huo, sikukuu ya kuchinja, niliwapa Wakristo kondoo wao kama kawaida. Yimer akachinja, wakapika kwa Atsede, wakaleta chungu chao kwangu, kikawekwa kando ya changu, tukae pamoja. Nilipakua sahani ya Atsede. Mkono wangu ulikuwa mzito. Nikaiweka mbele yake.

"Hiki chenu," nikasema.

Nikasubiri. Nilijiambia, akinusa nisikasirike. Akifunua chungu nisikasirike, ana haki. Akamega injera, akachovya, akatia kinywani, akatafuna bila kuinua macho, huku anazungumzia mvua. Nilikuwa nimeshaanza kupumua alipomeza, akaniangalia.

"Dada," akasema, "huyu kondoo ulimuuliza mama yake nani?"